Matuta ya Bondeni: Nani huombwa, nani huamua

KATIKA mtaa wa Bondeni, jirani na Mji wa Kale kisiwani Mombasa, mtoto atokaye madrasa hupita njia moja na matatu, tuktuk na bodaboda. Ombi la kujengewa matuta, kwa hivyo, si jambo dogo.

Hadi 2013, Mombasa ilikuwa chini ya Baraza la Manispaa. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti barabara za kaunti, pamoja na usimamizi wa magari na maegesho. Barabara za kitaifa zimo mikononi mwa mamlaka zilizoundwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007, zikiwemo KeNHA na KURA. Hatua ya kwanza, basi, ni kujua barabara ni ya nani.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 humpa mkazi haki ya kuwasilisha ombi, na huzitaka mamlaka za kaunti kulijibu bila kukawia. Hata hivyo, kujibiwa si kukubaliwa.

Wakazi wanaochoka kungoja hawashauriwi kujijengea matuta. Tuta lisilo na rangi wala ishara huweza kumwangusha mwendesha pikipiki usiku.

Sheria huruhusu mwendo wa kilomita 50 kwa saa mijini. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza 30 pale watu na magari wanapochangamana. Tofauti hiyo ndiyo hoja nzito ya kuandikwa katika ombi.