Unga na Vumbi: Historia ya Chai ya Nyumbani Katika Nchi ya Mara

Neno chai lilizaliwa China, likapita vinywani mwa Waajemi na Wahindi, hata likatufikia sisi. Neno macha, linalosikika siku hizi katika maduka ya miji mikubwa, ni ndugu yake wa tumbo moja. Silabi yake ya mwisho ndiyo chai ile ile, na ya kwanza yaeleza tendo la kusaga. Ndugu hawa walilelewa mbalimbali. Mmoja alikulia Japani katika nyumba za watawa na mabwana. Mwingine alifika Ziwa Victoria ndani ya pakiti ndogo ya dukani. Wote wawili ni chai laini iliyopondeka, lakini mmoja tumezoea kumwita unga na mwingine vumbi. Yafaa tuulize majina haya yalipatikanaje, kwa maana mtu wa Musoma, Bunda au Butiama achaguapo chai ya kumpa mgeni wake huongozwa nayo bila kujua.

Kunywa chai ya unga kulianza China. Katika enzi ya Song majani yalisagwa, yakatiwa maji ya moto, yakapigwa mpaka yakatoa povu. Mtawa wa dini ya Buddha aitwaye Eisai alirudi Japani mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai, na mwaka 1211 akaandika kitabu cha kusifu faida yake kwa afya. China yenyewe iliiacha desturi hiyo. Mwaka 1391 mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming aliamuru chai ya kodi iletwe kwa majani makavu badala ya mabonge yaliyoshindiliwa, na watu wakazoea kuroweka majani. Japani iliishika desturi ya zamani, na katika karne ya 16 Sen no Rikyū akaifanya adabu kamili ya kumpokea mgeni katika chumba kidogo kisicho na anasa. Mkulima wa macha hufunika michai kwa kivuli muda wa majuma matatu hivi kabla ya kuchuma. Majani hupikwa kwa mvuke yasipoteze ukijani wake, huondolewa vishipa na vikonyo, kisha husagwa kwa jiwe polepole sana, hata saa nzima hutoa gramu 40 hivi tu. Hapo unga ndio shabaha ya kazi yote, na mnywaji humeza jani zima.

Vumbi letu lina asili nyingine. Katika kiwanda cha chai nyeusi majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yageuke rangi kwa hewa, hukaushwa, kisha hupitishwa katika chekeche. Chembe kubwa hubaki juu. Zilizo ndogo kabisa huanguka chini, nazo ndizo vumbi. Si takataka, kwa maana zimetoka katika jani lile lile. Hutoa rangi upesi, hutosha watu wengi, na bei yake huwa nafuu. Wahindi waliizoea kuichemsha pamoja na maziwa, sukari na viungo, na wenye maduka wa Kihindi waliokaa kati yetu walikuja na mapishi hayo.

Katika Tanganyika chai ilijaribiwa na Wajerumani katika bustani ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902. Mashamba ya biashara yalikua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika milima ya Usambara, Mufindi na Rungwe. Ng'ambo ya mpaka, Kericho ilipandwa chai nyingi katika miaka ya 1920. Bei ya dunia ikaanguka, na mwaka 1933 India, Ceylon na visiwa vya Waholanzi wakapatana kupunguza chai waliyoiuza nje. Wauzaji wakatafuta wanywaji wapya, na Mwafrika mwenye senti chache akawa mmoja wao.

Mashamba hayo makubwa yalikuwa mbali na Musoma. Lakini Musoma ilikuwa na bandari, na reli ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901. Meli za Ziwa ziliunganisha miji hiyo miwili. Tena nchi ya Mara ilikuwa na kitu ambacho vumbi lilikihitaji sana, yaani ng'ombe. Wakurya, Wazanaki, Waikizu na jirani zao walikuwa na maziwa kabla ya kuwa na birika. Chai ilipoingia haikuyafukuza maziwa wala uji. Iliomba nafasi kando yao, ikapewa. Si wote walioipa. Waadventista, waliojenga misheni zao katika sehemu za Majita na Ikizu, walifundishwa kujiepusha na chai na kahawa, na katika nyumba nyingi za namna hiyo mgeni hupewa maji ya mchaichai au uji, wala heshima yake haipungui.

Thamani ya kikombe ilionekana zaidi kilipokosekana. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Katikati ya miaka hiyo ikaja vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979. Sukari ikawa adimu nchini, na bidhaa za ng'ambo ya Sirari zikaitwa magendo. Mwenye nyumba aliyeshindwa kumtilia mgeni sukari aliona haya, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Hivyo kitu kilicholetwa kama bidhaa ya kutafutiwa soko kilikuwa kimekwisha kuwa kipimo cha utu.

Kwa hiyo mchaguzi asidanganywe na majina. Bei ya macha hutokana na kivuli, mvuke na jiwe. Kazi hizo zikikosekana, bei ni bure. Macha njema ina kijani kibichi, yanukia jani bichi, na ni laini kama poda. Iliyogeuka manjano imechakaa, hata ikiwa kopo lake ni la fahari. Inunuliwe kidogo, ifunikwe, iwekwe mbali na mwanga na joto. Maji ya Musoma, mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, huchemka katika nyuzi 96 hivi. Macha yataka nyuzi 70 hadi 80, basi yaachwe kwanza yapoe kidogo. Gramu 2 za unga zichujwe, zitiwe maji kidogo, zipigwe mpaka zitoe povu. Wajapani hutumia kifagio cha mwanzi, na upekecho mdogo waweza kufanya kazi hiyo.

Vumbi nalo lichaguliwe kwa macho. Chembe ziwe sawasawa, nyeusi zenye kung'aa kidogo, zisizo na nyuzi za vikonyo, na pakiti isikae karibu na sabuni, maana chai huvuta harufu. Maji yachemke kwanza, ndipo majani yatiwe kwa dakika chache. Yakikaa mno huleta ukali. Apendaye tangawizi aichemshe katika maji kabla ya maziwa, kwa kuwa tangawizi mbichi huyakata maziwa.

Mjapani aliuheshimu unga kwa sababu aliusaga mwenyewe. Sisi tulipewa kilichoanguka chini ya chekeche, tukakitia maziwa ya ng'ombe wetu, tukakiweka mbele ya mgeni kwa mikono miwili. Ajuaye historia hiyo aweza kununua macha bila majivuno, na kupika vumbi bila kuona haya.