Mbarak Bombay: Mtumishi Aliyekuwa Ulimi wa Bwana Wake

Nchi iliyo baina ya Tabora na Mwanza, penye Kahama na Shinyanga, leo yasifika kwa madini. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Migodi ya dhahabu ya Geita na Bulyanhulu ikafunguliwa mwaka 2000 na 2001. Kwa migodi zikaja hoteli, na kwa hoteli wakaja watumishi wa kumpokea mgeni, kumchukulia mzigo, kumtandikia kitanda na kumjulisha mji. Aghalabu hudhaniwa kuwa utumishi huo ni jambo geni katika nchi ile. Sivyo. Mmoja katika watumishi mashuhuri kabisa wa Afrika Mashariki alipita huko miaka mingi kabla ya mgodi wa kwanza.

Naye ni Sidi Mubarak, aliyejulikana kwa jina la Bombay. Alizaliwa Uyaoni, akatekwa angali mtoto, akapitishwa Kilwa na Unguja, kisha akauzwa Bara Hindi. Bwana wake alipofariki, akawa huru, akarejea Unguja na kuingia katika askari wa Sultani. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walimkuta katika ngome ya Chogwe, karibu na mto Pangani, wakamchukua.

Mwezi wa Julai 1858 Burton alibaki Kaze, karibu na Tabora ya leo. Speke akashika njia ya kaskazini pamoja na kirongozi, wapagazi 20, askari wa Kibaluchi 10 na watumishi watatu, Bombay miongoni mwao. Walichukua masurufu ya wiki sita. Wakapita Msalala, Nindo na Salawe, majina ambayo Shinyanga ingali nayo hadi leo.

Kazi ya Bombay ilikuwa nini? Alibeba bunduki ya bwana wake, akaangalia mizigo, akapatana bei ya chakula kwa nguo na shanga, akasema na watawala juu ya hongo. Lakini kubwa kuliko yote, alikuwa ulimi. Speke hakujua Kiswahili; alijua Kihindustani kidogo, nacho Bombay alikipata utumwani. Kila swali lilitoka kinywani mwa bwana kwa Kihindustani, likageuzwa Kiswahili, kisha mtu mwingine akaligeuza lugha ya wenyeji. Na jibu likarudi kwa njia ile ile. Hata macho ya Speke yalikuwa mabovu kwa maradhi, akisafiri kwa miwani ya kijivu iliyowavuta watu kumtazama.

Tarehe 3 Agosti 1858, huko Mwanza, Speke aliliona ziwa aliloliita Victoria, akashikilia kuwa ndilo chimbuko la Nile. Burton hakukubali. Katika hoja zake alimtaja mtumishi: kwamba Bombay hakuelewa Kihindustani kibovu cha bwana wake, akakigeuza vibaya, na kwamba habari zote za ukubwa wa ziwa zilipotea njiani. Hivyo mabwana wawili waliposhindana mbele ya wasomi wa London, lawama ilimwangukia mtu ambaye hakuwapo kujitetea.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa lote, na ikadhihirika kuwa ni ziwa moja kubwa, na maji yake hutoka upande wa kaskazini. Makadirio ya Speke yalikuwa na makosa. Hata hivyo, neno kuu lililopita kinywani mwa Bombay lilikuwa kweli.

Je, alilipwa heshima yake? Katika safari ya pili, iliyoanza mwaka 1860, Speke mwenyewe aliandika kuwa alimpiga ngumi mbele ya wenzake. Baadaye Bombay alifuatana na Stanley kwenda kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima pamoja na Cameron. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku medali ya fedha. Akafariki mwaka 1885.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ziwa lilipewa jina la malkia ambaye hakupata kuliona. Mtumishi aliyeuliza habari zake ufukweni hakupewa hata kilima. Ila wasafiri hawakuweza kuandika vitabu vyao bila ya kumtaja, na humo ndimo alimobaki.