Helikopta ya R22: Kwa nini mwanafunzi hapewi usukani hivi hivi

Injini ya ndege ndogo ya kawaida ikizima angani, rubani mwanafunzi bado ana muda wa kufikiri. Kwenye helikopta ya Robinson R22 ana kama sekunde moja hivi, basi.

R22 ni ya viti viwili, inatengenezwa Marekani na ilipata cheti mwaka 1979. Mbunifu wake, Frank Robinson, aliikusudia kwa watu binafsi, lakini unafuu wake ukaifanya kipenzi cha vyuo vya urubani. Ikijaa watu na mafuta haitakiwi kuzidi kilo 622.

Wepesi huo ndio raha yake na ndio shida yake. Pangaboi la juu nalo ni jepesi, kwa hiyo injini ikikata, mzunguko unashuka haraka mno. Rubani anatakiwa kushusha papo hapo wenzo wa mkono wa kushoto, ili hewa inayopanda kutoka chini iendelee kulizungusha pangaboi wakati chombo kinateremka. Hiyo inaitwa otorotesheni. Akichelewa, pangaboi linapungua kasi mpaka linashindwa kubeba chombo, na hapo hakuna cha kufanya.

Hatari nyingine inatokana na silika ya mtu mwenyewe. Mwanafunzi akisukuma usukani mbele kwa ghafla, mwili unakuwa mwepesi, kama gari lililoruka tuta. Helikopta inaanza kulalia upande wa kulia. Wewe ungefanyaje? Wengi wangeupeleka usukani kushoto. Kumbe hilo ndilo kosa lenyewe: kitovu cha pangaboi kinaweza kugonga shafti inayolizungusha, na shafti ikakatika angani. Sahihi ni kuuvuta usukani nyuma taratibu kwanza, pangaboi libebe uzito tena, ndipo ukisawazishe chombo.

Lakini si mkufunzi yupo pembeni? Yupo, na usukani wa katikati una mikono miwili, kila mtu na wake. Ila kampuni ya Robinson yenyewe inaonya kwamba ajali nyingi kupita kiasi hutokea kwenye safari za majaribio na masomo ya mwanzo. Mwanafunzi akichanganyikiwa na kuupeleka usukani kwa nguvu upande usio sahihi, hata mkufunzi mzoefu anaweza kushindwa kumuokoa. Ndiyo maana anatakiwa aelezwe haya yote chini, kabla hajagusa chochote.

Marekani hawakuacha suala hilo kwenye hiari ya vyuo. Mwaka 1995, baada ya mfululizo wa ajali za pangaboi kugonga mwili wa helikopta, mamlaka ya anga ya huko, FAA, ilitoa kanuni maalumu kwa R22 na kaka yake R44: mafunzo ya hatari hizi kwanza, vidhibiti baadaye. Kwa R22, mwanafunzi alitakiwa awe na angalau saa 20 na mkufunzi kabla ya kuruka peke yake.