Asili ya Kivumishi "Tawdry": Kutoka Jina la Mtakatifu hadi Neno la Dharau

Kivumishi cha Kiingereza "tawdry", ambacho si neno la kila siku, hutaja pambo linalong'aa kwa mbwembwe ilhali ni la bei chee na limetengenezwa ovyo, na kimetokana na jina la mtawa wa karne ya 7, Æthelthryth, binti wa mfalme wa Anglia Mashariki, ambaye baadaye Waingereza walimwita Audrey. Mwaka 673 alianzisha monasteri huko Ely, na mwaka 679 akafariki akiwa na uvimbe shingoni. Bede, aliyekamilisha historia yake ya Kanisa la Uingereza mwaka 731, anasimulia kwamba tabibu Cynefrith aliupasua uvimbe huo, na kwamba mgonjwa aliyapokea maumivu kwa shukrani, akiamini kuwa ni malipo ya mikufu aliyoivaa kwa majivuno ujanani. Miaka 16 baadaye dada yake, Seaxburh, aliufukua mwili ili auhamishie kanisani, na kwa mujibu wa Bede haukuwa umeoza, tena jeraha la shingoni lilikuwa limepona.

Sikukuu ya uhamisho huo, tarehe 17 Oktoba, iliambatana na gulio, yaani soko la msimu, ambako ziliuzwa tepe za hariri za kuvaa shingoni, zikiitwa kwa jina la mtakatifu. Katika matamshi ya haraka, sauti ya mwisho ya neno "Saint" ilihamia mwanzoni mwa jina Audrey, kama ilivyotokea London, ambako mtaa wa Mtakatifu Olave leo unaitwa Tooley.

Mwanzoni utepe huo haukuwa na aibu yoyote: Edmund Spenser aliutaja mwaka 1579 kuwa pambo la mabinti wa wachungaji, na katika tamthilia ya Shakespeare, The Winter's Tale, msichana wa mashambani anadai utepe aliokwisha kuahidiwa. Katika karne ya 17, tepe duni zilipozoeleka, jina la bidhaa likageuka kuwa kivumishi cha kubeza, na ubezaji huo haukuwa wa haki, kwa kuwa uliwaangukia wanawake wa vijijini walionunua walichokimudu, pamoja na mtawa ambaye alikuwa ameyakana mapambo yote. Leo neno hilo limevuka mipaka ya mavazi, likitumiwa pia kuelezea kashfa na mienendo isiyo na staha.