Risasi kwenye transfoma: historia ya watu walioumalizia umeme hasira zao

Leo siji na udaku wa msanii wala mchumba wa mtu, nakuja na historia. Ila usikimbie, hii ina bunduki ndani, ina tumbili, na ina wazee wa kijijini walioisumbua serikali ya jimbo la Minnesota, Marekani, mpaka ikatuma askari zaidi ya mia mbili. Chukua chai yako utulie.

Kwanza nikuambie wazo limetoka wapi. Mtaani kwetu umeme ulikatika asubuhi, ukakaa siku nzima, ukalala nje, kesho yake jioni bado. Bi mkubwa anauza samaki na barafu, friza lilikuwa limejaa changu. Mtu anafungua mfuniko kidogo, ananusa, anafunga, anasema "Mungu wangu". Kwenye saa 2 usiku jirani yetu mmoja, mtu mzima, baba wa watoto, akatoka na msuli kiunoni, akaokota jiwe, akalirusha kwenye transfoma ya kwenye nguzo. La kwanza likapita hewani. La pili likasema "kaa!" kwenye kikombe. Mtaa mzima ukashangilia kama tumefunga goli. Na mimi nilishangilia, nisikufiche.

Usiku ule, bando likiwa linaishia na chaji asilimia 20, nikaanza kusoma kama kuna watu wengine duniani walishawahi kuupiga umeme. Mtu wangu, wapo wengi. Na wenzetu hawakutumia mawe.

Hii tabia ni ya zamani kuliko hata balbu. Miaka ya 1860 Waingereza walipitisha waya za telegrafu katikati ya Uajemi, nchi tunayoiita Iran leo, ili London iweze kuongea na India. Juu ya nguzo kulikuwa na vile vikombe vinavyoshika waya usiguse nguzo. Watu wa kule, wenye farasi zao na bunduki, wakaviona vikombe vinang'aa jangwani, wakavigeuza shabaha ya mazoezi. Fikiria umetuma ujumbe wa maana kwa bosi wako India, haufiki, kisa kuna jamaa alikuwa anajipima macho. Marekani nako huo ulikuwa mchezo wa kila siku wa vijana wa mashambani na wawindaji.

Na huku kwetu? Wanandi wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1900, waya wa simu wa reli ya Uganda waliukata wakatengeneza mapambo ya kuvaa. Mkoloni alilia wizi, lakini ukiangalia kwa macho ya Mnandi, mtu kapitisha chuma chake kwenye ardhi yako bila hodi, halafu eti wewe ndiye mwizi. Vita yao na Waingereza ilichukua miaka mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905.

Sasa twende kwenye stori yangu pendwa. Minnesota, Marekani, miaka ya 1970. Mashirika mawili ya ushirika ya umeme yakaamua kujenga kinu cha makaa ya mawe North Dakota na kuvuta laini kubwa kama kilomita 700 mpaka karibu na miji mikubwa ya Minnesota. Minara yake mirefu kama ghorofa 15. Ikapangwa ipite kwenye mashamba ya watu, katikati kabisa, pale trekta linapogeuzia. Wakulima wakauliza, kwa nini kwetu? Wakaenda kwenye vikao, wakaenda mahakamani, wakapeleka hoja za afya, hoja za ardhi, hoja zote. Wakashindwa.

Kinachouma zaidi ni hiki: ule ushirika ulikuwa wa wakulima wenyewe. Ndio waliojiunga zamani ili vijijini nako kuwake taa. Yaani kitu chako ulichokianzisha kinakuja kukuchimbia shimo shambani kwako, na karatasi ya mahakama mkononi.

Wazee wakachachamaa. Wapima ardhi wakifika, wanakuta matrekta yamewashwa kwa makelele ili wasisikilizane. Mwanzoni mwa 1978 serikali ya jimbo ikapeleka askari wa barabarani zaidi ya 200, karibu nusu ya kikosi chao chote, kwenda kulinda ujenzi kwenye baridi kali ya barafu. Baadhi ya wakulima waliwapelekea askari kahawa na vitafunwa, maana ni watoto wa watu wanaojuana. Ugomvi wa namna hiyo ndio mgumu, mnagombana huku mnaulizana hali ya mama.

Minara ikasimama. Halafu Agosti 1978, usiku, mnara wa kwanza ukaanguka. Nati za chini zilikuwa zimefunguliwa. Ukafuata mwingine, na mwingine. Mpaka mambo yanatulia ilikuwa imeshaanguka 14 au zaidi. Ukiuliza nani kafanya, wakulima wanakujibu kwa uso mkavu kwamba ni wadudu, kuna fukusi wamezuka wanakula nati. Hilo jina la fukusi wa nati likashika mpaka leo.

Na bunduki je? Vikombe karibu 10,000 vya laini ile vilipasuliwa kwa risasi. Elfu kumi! Hiyo sio hasira ya mtu mmoja aliyeamka vibaya. Hayo ni maeneo mazima ambapo watu wakimaliza kula usiku wanatoka na bunduki ya kuwindia, na jirani akisikia mlio anaongeza sauti ya redio. Mwalimu mmoja wa chuo aliyekuwa anawaunga mkono aliandika na mwenzake kitabu kizima kuhusu wale wakulima, na baadaye akawa seneta.

Walishinda? Hapana. Laini iliwashwa 1979 na ikaendelea kupitisha umeme. Na kuna jambo linanikera kila nikilifikiria: vikombe vyote vile vilibadilishwa, na shirika la ushirika likivunjiwa mali, anayelipa mwishowe ni wanachama wake. Yaani ni wao wenyewe.

Lakini kwa wale mimi roho yangu inalainika. Wanaofuata, hapana.

Usiku wa tarehe 16 Aprili 2013, karibu na San Jose, California, kuna kituo kikubwa cha kupozea umeme kinaitwa Metcalf. Kabla ya saa 7 usiku watu wasiojulikana wakakata nyaya za mkongo wa mawasiliano chini ya ardhi. Kisha wakapiga risasi kama dakika 20 hivi. Transfoma 17 zikapigwa. Mafuta karibu lita 200,000 yakamwagika. Polisi wanafika, watu wameshayeyuka, wameacha maganda ya risasi zaidi ya 100. Hasara ikapigiwa hesabu ya dola milioni 15, matengenezo yakachukua wiki karibu nne. Donge la dola 250,000 likatangazwa kwa atakayewataja. Hakutokea mtu.

Cha ajabu, watu wa kule hawakukaa gizani. Mafundi waliuzungusha umeme kwa njia nyingine, wengi wakaamka asubuhi wakachemsha chai bila kujua kitu.

Miaka mitatu baadaye, 2016, huko Utah, mzee mmoja aliyekuwa na chuki na mambo ya viwanda akapiga risasi kituo cha umeme. Huyu alikamatwa, akala miaka 8. Na Krismasi ya 2022, jimbo la Washington, wanaume wawili waliingia kuharibu vituo vinne, watu zaidi ya 14,000 wakapoteza umeme siku ya sikukuu. Sababu? Walitaka giza ili wakaibe hela kwenye droo ya duka moja. Uharibifu wa mamilioni ya dola kwa ajili ya chenji. Hao sina la kusema.

Wiki tatu tu kabla ya hapo ndipo ilipotokea ile iliyonifanya niache kucheka.

Kaunti ya Moore, North Carolina, Jumamosi jioni tarehe 3 Desemba 2022. Mtu au watu wakavipiga risasi vituo viwili vya umeme. Wateja kama 45,000 wakaingia gizani, na ni mwezi wa baridi. Shule zikafungwa, ikatangazwa hali ya dharura, ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku kuanzia saa 3. Taa za barabarani hazifanyi kazi, vituo vya mafuta havipampu. Umeme ulirudi kwa wote baada ya siku nne.

Mtandaoni watu wakaanza kubuni. Jioni ile mjini kulikuwa na shoo iliyokuwa na wapingaji wengi, basi ikasemwa lengo lilikuwa kuizima. Polisi wakasema hawana ushahidi wa kuunganisha hayo mawili. Yakatangazwa madonge ya jumla ya dola 75,000. Miaka ikapita bila mtu kufikishwa mahakamani.

Lakini ndani ya zile siku nne kulikuwa na bibi mmoja wa miaka 87. Alikuwa anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, mashine ya kuchomeka ukutani. Umeme ukakata. Bibi akafariki. Baadaye ofisi inayochunguza vifo kule ikaandika kwamba kifo kile ni cha kuuawa. Aliyefyatua hakumwona, hakumjua, hata mlango wa nyumba yake huenda hajawahi kupita. Alilenga bati la transfoma.

Nilipofika hapo, simu ikiwa asilimia 6, nikamkumbuka mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Insulini ya mwanawe inakaa kwenye friji.

Ebu tuelewane kidogo kuhusu hili dude lenyewe. Transfoma sio swichi. Ndani kuna nyaya zimezungushwa kwenye chuma, zote zimezama kwenye mafuta, na mafuta yana kazi mbili: kupoza na kuzuia moto wa umeme usiruke. Ni kama injini ya gari na rejeta yake. Kubwa zile za vituoni zina uzito unaozidi tani 100, hazikai dukani zikisubiri mteja, zinatengenezwa kwa oda na unaweza kusubiri mwaka na zaidi. Kwaiyo anayeipiga risasi kwa hasira ya giza, giza analiongezea siku.

Kenya wao tatizo la mafuta hayo lilikuja kivingine. Wezi walikuwa wanayanyonya kwenye transfoma, na ikaripotiwa kwamba mengine yaliishia kwa wakaanga chipsi wa barabarani kwa sababu yanakaa muda mrefu bila kuisha. Mimi tangu nisome hilo nikiona chipsi zimekuwa rangi nzuri sana naangalia pembeni.

Kenya hiyo hiyo, tarehe 7 Juni 2016, nchi nzima ilizima. Hakuna bunduki, hakuna gaidi. Tumbili alipanda paa la kituo cha umeme wa maji cha Gitaru, akadondokea transfoma, mitambo ikajizima, megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mpigo na gridi yote ikaenda nayo. Nairobi yote giza kwa ajili ya tumbili. Na alipona! Wakamkabidhi kwa watu wa wanyamapori. Ukilinganisha na yule wa Utah mwenye miaka 8 jela, tumbili ana wakili mzuri.

Halafu kuna Unguja. Hawa ndio wangekuwa na haki ya kukasirika kuliko wote. Umeme wao ulikuwa unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 1980. Mei 2008 kukatokea hitilafu, kisiwa kikakaa kama mwezi. Watu wakapumua. Desemba 2009 ukafa tena, safari hii miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za maji hazisukumi, watu wakarudi kwenye visima na ndoo kichwani. Hoteli zikanguruma kwa majenereta, mwenye kibanda cha samaki akategemea barafu ya kubahatisha. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, kwa fedha za Marekani. Pale hata ungekuwa na bunduki, ungempiga nani? Mbovu wako ni waya mzee.

Basi turudi mtaani kwetu. Saa 4 usiku ule ule, mtaa wa pili ukasema "huyooo!" Umeme umerudi. Wa tatu nao ukawaka. Wa upande wa msikitini ukawaka. Sisi kimya. Tukakaa nje tunaangalia taa za wenzetu, hakuna aliyesema kitu, na jirani alikuwa ameshaingia ndani.

Asubuhi mafundi wakaja, mmoja akapanda ngazi, akashuka na kipande cha kikombe mkononi. Akauliza kwa upole tu, "Hapa nani alirusha jiwe?" Watu tukaangalia chini. Hapa kwetu hatuna hata fukusi wa kusingizia. Akasema kikombe cha aina ile hawana kwenye gari, mpaka wakachukue, wakarudi kesho yake mchana.

Changu wa bi mkubwa tuliwagawa, wale waliokuwa bado wanafaa. Bakuli la kwanza alinituma nipeleke kwa jirani. Nikagonga, akafungua mwenyewe, nikamwambia "Shikamoo, mama kasema karibuni samaki." Akaitikia marahaba, akapokea, hakuniangalia usoni.