La Troienne, jike asiyeshinda mbio hata moja

Desemba 1930, katika mnada wa farasi wa Newmarket, Uingereza, jike mmoja wa Kifaransa mwenye miaka minne aliuzwa kwa gini 1,250. Mnunuzi alikuwa Mmarekani, Edward Riley Bradley. Jike huyo, La Troienne, alikuwa ameshindana mara saba na hakupata ushindi hata mmoja. Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya nguo ambaye alikuwa miongoni mwa wafugaji wakubwa wa Ufaransa, ndiye aliyemzalisha, na hakuona sababu ya kubaki naye.

Lakini Bradley hakuwa akinunua miguu. Baba wa La Troienne alikuwa Teddy, na mwaka huohuo wa 1930 mjukuu wa Teddy, Gallant Fox, alikuwa ametwaa mbio tatu kuu za Marekani: Kentucky Derby, Preakness na Belmont. Kila mfugaji wa Kentucky alitaka damu hiyo. Zaidi ya hayo, jike alikuwa na mimba ya Gainsborough, aliyewahi kutwaa mbio tatu kuu za Uingereza mwaka 1918. Kitoto kile hakikudumu, kwa hiyo nusu ya hesabu ya Bradley ilipotea mapema.

Bradley mwenyewe ni kisa. Alizaliwa Pennsylvania, akafanya kazi ya chuma akiwa kijana, kisha akatajirika kwa kamari. Klabu yake ya Palm Beach, Florida, ndiko matajiri walikokwenda kupunguziwa fedha kila msimu wa baridi, na alipoitwa mbele ya maseneta hakujaribu kuificha kazi yake. Fedha hizo ndizo zilizolilea shamba lake la Idle Hour, karibu na Lexington. Farasi wake aliwapa majina yanayoanza na B, na wanne wao walishinda Kentucky Derby: Behave Yourself mwaka 1921, Bubbling Over 1926, Burgoo King 1932 na Brokers Tip 1933. La Troienne alikuja na jina lake, akabaki nalo. Watoto wake hawakuikwepa herufi hiyo.

Tuelewane kwanza kuhusu hesabu ya uzazi, maana bila hiyo sifa za jike huyu hazina uzito. Farasi hubeba mimba kwa karibu miezi kumi na moja na huzaa mtoto mmoja. Kanuni za farasi wa mbio wa asili ya Kiingereza zinakataza kupandikiza mbegu. Lazima dume na jike wakutane. Dume wa leo anaweza kupandishwa kwa majike zaidi ya mia moja katika msimu mmoja. Jike anayezaa watoto kumi na wanne maisha yake yote, kama alivyozaa La Troienne, amejitahidi. Kwa hiyo dume akikosea mara tisini bado ana nafasi kumi za kuonekana hodari. Jike hana anasa hiyo.

Kati ya hao kumi na wanne, kumi na wawili walishindana, kumi wakapata ushindi, na watano wakashinda mbio za hadhi. Black Helen, aliyezaliwa 1932, alikuwa na umbo dogo mno, lakini mwaka 1935 hakuna mtamba wa umri wake aliyemfikia. Kisha akaja Bimelech, aliyemaliza msimu wa 1939 bila kushindwa. Mwaka uliofuata Kentucky nzima iliamini kwamba Derby ni yake, na Bradley, aliyekwisha kuzeeka, angepata ushindi wa tano. Akapitwa na Gallahadion, farasi ambaye karibu hakuna aliyemwekea fedha. Gallahadion naye alikuwa mtoto wa Sir Gallahad III, mwana wa Teddy; ndugu kwa ndugu, basi. Bimelech alijifuta machozi kwa kushinda Preakness na Belmont.

Kama hadithi ingeishia hapo, La Troienne angekuwa mama mzuri tu, na Marekani imekuwa na wengi. Kilichomtenga na wenzake ni mabinti, wakiwemo wale ambao uwanjani hawakuwa na la kusimuliwa. Baby League alimzaa Busher, ambaye Louis B. Mayer, bwana mkubwa wa studio ya MGM, alimnunua kwa dola 50,000. Mwaka 1945 Busher alitangazwa Farasi wa Mwaka, akiwa mtamba wa miaka mitatu. Businesslike alimzaa Busanda, na Busanda akamzaa Buckpasser, aliyeshinda mara 25 katika mbio 31 na kuwa Farasi wa Mwaka 1966. Big Hurry alimzaa Searching, aliyeshindana mara 89 na kushinda 25.

Hapa ndipo wapenzi wa nasaba huanza kuongea kama watu wa ndotoni. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, Mwaustralia Bruce Lowe alipozipa namba koo za farasi kwa upande wa kuukeni, pamekuwa na imani kwamba majike fulani hubeba siri isiyoelezeka. La Troienne yumo katika ukoo namba 1, na baadaye uzao wake ukatengewa tawi lake, 1-x. Namba hizo zinasaidia kutunza kumbukumbu. Kama maelezo ya ubora, mimi sizinunui.

Tazama akina baba. Busher, Busanda na Searching wote ni watoto wa War Admiral, mshindi wa mbio zote tatu kuu mwaka 1937. Businesslike alikuwa binti wa Blue Larkspur, dume bora kabisa wa Bradley. Black Helen, Big Hurry na Bimelech walikuwa wa Black Toney, dume mwingine wa Idle Hour. Mabinti wa La Troienne hawakuachiwa dume yeyote aliyekuwa karibu. Walipewa bora waliopatikana, kizazi baada ya kizazi, na watu waliokuwa na ardhi, fedha na subira. Damu ilikuwepo, sikatai. Ila ilipata walezi.

Bradley alipofariki mwaka 1946, farasi wa Idle Hour waligawanwa na wanunuzi watatu: Ogden Phipps, shamba la King Ranch la Texas, na Greentree ya familia ya Whitney. Bikizee La Troienne alikwenda Greentree, akafa huko mwaka 1954. Phipps alipata hazina, naye ndiye aliyemzalisha Buckpasser. Lakini hata yeye aliteleza: alimuuza Searching kwa Hirsch Jacobs akiwa bado hajaonyesha la maana. Kwa Jacobs, Searching akageuka farasi hodari, akamzaa Priceless Gem, na Priceless Gem akamzaa Allez France. Huyu alivushwa bahari kurudi Ufaransa, na mwaka 1974 akashinda Prix de l'Arc de Triomphe pale Longchamp akiwa na rangi za Daniel Wildenstein. Damu ambayo Boussac aliiuza kwa gini 1,250 ilishinda mbio kubwa kuliko zote nchini kwake, kwa faida ya mtu mwingine. Miaka minne baadaye himaya ya Boussac ilifilisika, na farasi wake wakanunuliwa na Aga Khan.

Mstari wa Baby League nao haukukauka. Striking, dada wa Busher kwa baba na mama, alimzaa Glamour. Glamour akamzaa Intriguing, naye akamzaa Numbered Account, bingwa wa mwaka 1971. Baba wa Numbered Account alikuwa Buckpasser, kwa hiyo La Troienne yumo pande zote mbili, kuumeni na kuukeni. Kutoka kwa Numbered Account wakaja Dance Number, Get Lucky na Supercharger, binti kwa mama, hadi dume aitwaye Super Saver. Mei 1, 2010, katika matope ya Churchill Downs, Super Saver alishinda Kentucky Derby, mbio zilizomponyoka Bimelech miaka sabini kabla.