Vyeti vya waandishi wa miongozo ya kiufundi na uzito wake

MWANDISHI wa kiufundi ni mtaalamu anayeandaa maelezo ya jinsi ya kuunda, kutumia na kukarabati mitambo, vifaa vya hospitali au programu za kompyuta. Akiruka hatua moja katika maelezo hayo, fundi anaweza kupoteza kidole.

Hata hivyo, kazi hii haina leseni ya lazima. Nchini Kenya, wakili sharti awe na cheti cha kila mwaka ndipo awakilishe wateja kortini, naye mhandisi sharti asajiliwe na bodi. Mwandishi wa miongozo hutegemea tu imani ya mwajiri. Katika mataifa kadhaa, vyama vya taaluma vimejaribu kuliziba pengo hilo kwa vyeti vya hiari.

Kilichojulikana zaidi ni chama cha Marekani, Society for Technical Communication, chenye asili yake mwaka wa 1953. Mpango wake wa kwanza wa vyeti, uliokagua kazi ambazo mwombaji alikuwa amekwisha kuandika, haukudumu. Mnamo 2016 kilizindua mtihani wa ngazi ya msingi, kisha kikaendelea na ngazi ya juu zaidi.

Mtihani huo ulihusu nyanja tisa, zikiwemo kupanga mradi, kuwachunguza watumiaji, kuandika, kutumia michoro, kuhariri na kusambaza maandishi.

Lakini Januari 2025 chama hicho kilitangaza kufilisika na kufunga milango. Waliolipia karo na mitihani walibaki na vyeti ambavyo mtoaji wake hayupo tena.

Barani Ulaya hali ni tofauti. Nchini Ujerumani, chama cha tekom, kilichoundwa mwaka wa 1978, huwatahini waandishi na kuwapa vyeti. Huko sheria za Muungano wa Ulaya humlazimu mtengenezaji wa mashine kuiambatanisha na maelezo ya matumizi, hivyo kazi ya mwandishi ina uzito wa kisheria. Nchini Uingereza, taasisi ya ISTC hupima ujuzi na uzoefu wa mwombaji kabla ya kumpa daraja la uanachama.

Aidha, kiwango cha kimataifa cha IEC/IEEE 82079-1, kilichotolewa mwaka wa 2019, kinataka wanaoandaa maelezo ya bidhaa wawe na umahiri wa kitaaluma.

Basi anayenuia kulipia cheti na aulize mambo matatu: nani anakitoa, waajiri gani wanakitambua, na kama kinapaswa kulipiwa upya baada ya muda.

Kadhalika, asisahau kuhifadhi sampuli za kazi zake. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza. Mwongozo ambao mtu asiyewahi kuiona mashine anaweza kuufuata hadi mwisho bila kuumia ni ushahidi ambao hautegemei uhai wa chama chochote.